Kioo cha Pembeni cha Gari la Chama: Kubadili Kilichovunjika na Kuandika Malipo Yake



Katika mali zote za vyama vya msingi zinazokaguliwa kila mwaka, gari ndilo linaloleta maswali mengi zaidi. Ghala halitembei, na jengo la ofisi hukaa mahali pake. Lakini gari hutoka asubuhi likiwa zima na kurudi jioni likiwa na pengo ambalo kila mtu ana maelezo yake. Makala haya yanahusu pengo dogo kabisa kati ya hayo, yaani kuvunjika kwa kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma, ambacho madereva na mafundi hukiita saiti mira. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la ushirika litumie kurasa zake kwa jambo la gereji. Sababu nitaieleza kwa kisa kimoja nilichokikuta katika ukaguzi, bila kukitaja chama chenyewe, kwa kuwa viongozi wake walikwisha kujirekebisha na hapana haja ya kuwaaibisha.

Chama hicho ni cha wakulima wa kahawa, nacho kina pikapu moja inayobeba kahawa kutoka vituo vya kukusanyia hadi ghalani. Siku moja, katika njia nyembamba ya sokoni, mkokoteni uliligonga gari upande wa kushoto. Kioo kikapasuka na vipande vikamwagika, lakini kasha lake la plastiki likabaki zima. Hati ya malipo niliyoonyeshwa ilisema: "Saiti mira mpya 1, pamoja na ufundi." Wiki tatu baadaye, katikati ya msimu, dereva alikuwa akirudi nyuma kuelekea mlango wa ghala, akakata usukani upande wa kushoto, akaigonga nguzo iliyoning'inizwa mizani. Mama mmoja mwanachama, aliyekuwa amesimama na gunia lake akingojea zamu, aliwahi kuruka kando. Gunia lilikanyagwa, na mizani ikapinda.

Makatibu wanafahamu kwamba mizani iliyoharibika ikatengenezwa hairudi kununulia mazao mpaka Wakala wa Vipimo waihakiki na kuipiga muhuri. Ununuzi katika kituo hicho ukasimama kwa siku kadhaa. Wanachama waliokuwa na shida za karo na dawa hawakuweza kungoja, na baadhi yao wakaiuza kahawa yao usiku kwa walanguzi, kwa bei ambayo walanguzi hutoa wanapojua kwamba mkulima hana pa kwenda.

Bodi ilikutana na kuamua kwamba gharama ya mizani ikatwe katika mshahara wa dereva. Katibu aliniletea muhtasari wa kikao hicho pamoja na hati nyingine. Dereva mwenyewe, mtu mzima aliyeendesha magari kwa miaka mingi, alipoitwa hakujitetea sana. Alisema tu, "Ndugu Mkaguzi, nilitazama vioo vyote. Mimi sikuona kitu."

Niliomba ufunguo, nikaketi mahali pa dereva, nikamwomba mtunza ghala asimame palepale ilipokuwa nguzo ya mizani. Katika kioo cha kushoto niliona ubavu wa gari, ukanda mwembamba wa uwanja, na mpera ulio mbali karibu na uzio. Vyote vilionekana vizuri, tena vikubwa na vyenye kung'aa, kama mtu anavyojiona katika kioo cha chumbani. Mtunza ghala sikumwona. Nikamwashiria asogee kidogo kidogo kulikaribia gari, na alikuwa karibu kuligusa bamba la nyuma ndipo mkono wake ulipoingia ndani ya kioo. Niliposhuka nikachukua rula ya mezani kwa katibu, nikailaza juu ya kioo kile. Rula ilikaa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, bila upenyo wowote. Nikazunguka upande wa kulia na kuilaza juu ya kioo cha asili. Pale iligusa katikati tu, na kila mwisho ukabaki upenyo wa milimita mbili au tatu.

Hapo mambo yalidhihirika. Kioo cha kushoto hakikuwa kioo cha gari. Fundi wa vioo wa mjini alikuwa amekata kipande cha kioo cha kujitazamia, akakilinganisha na umbo la kasha, akakigandisha kwa gundi. Kasha lilikuwa lilelile la zamani, lenye mikwaruzo ya miaka yote, ingawa hati ilisema kwamba saiti mira nzima ilikuwa mpya. Tofauti ya fedha ilikwenda wapi ni jambo lililoshughulikiwa katika taarifa ya ukaguzi, nami sitalirudia hapa.

Tofauti ya vioo viwili

Yafaa ieleweke kwamba vioo vya pembeni vya magari mengi tunayoyatumia si bapa. Vina mbinuko mdogo ambao jicho halioni kwa urahisi, kana kwamba vimekatwa kutoka katika ganda la mpira mkubwa sana. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vifaa vya kutazamia nyuma vya magari, inataka kioo kikuu cha pembeni kiwe na nusu kipenyo kisichopungua mita 1.2. Maana yake ni kwamba mpira huo wa kufikirika, toka kitovu chake hadi ganda lake, una mita 1.2 au zaidi. Mbinuko ukizidi hapo, vitu huonekana vidogo mno hata dereva ashindwe kuvipima. Ukikosekana kabisa, kioo huonyesha eneo dogo.

Dogo kiasi gani? Hili laweza kukadiriwa kwa hesabu za shule za sekondari. Tuchukue kioo chenye upana wa sentimita 17, na dereva aliyeketi upande wa kulia kama ilivyo kwetu. Kioo cha kulia kiko karibu naye, kama sentimita 75 kutoka machoni. Kioo cha kushoto kiko ng'ambo ya kiti cha abiria, mita 1.3 au zaidi. Kioo bapa upande wa kulia humwonyesha dereva pembe ya kama digrii 13, na chenye mbinuko humwonyesha kama digrii 28, yaani mara mbili na zaidi kidogo. Lakini upande wa kushoto, kwa ajili ya umbali, kioo bapa humwachia digrii saba au nane tu, hali kile chenye mbinuko humpa digrii 23, ambazo ni mara tatu. Kwa hiyo kipande cha kioo cha kujitazamia kina hasara kubwa zaidi upande uleule wa kushoto, ambao hapa petu ndio upande wa mtaro, wa watembea kwa miguu, wa baiskeli, na wa watoto watokao shuleni.

Mizani ya chama kile ilikuwa kama mita mbili nje ya ubavu wa gari na mita tatu nyuma ya bamba. Ukipima kutoka kwenye kioo hadi hapo unapata pembe ya kama digrii 17. Katika kioo cha asili ingeonekana, pamoja na yule mama na gunia lake. Katika kile cha fundi wa mjini haikuwezekana kuonekana, hata dereva angekodoa macho namna gani.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao ni wa haki kuutaja. Kioo chenye mbinuko hulipa ukubwa wa eneo kwa udogo wa picha. Kwa vipimo vile vile, gari lililo mita 20 nyuma huonekana katika kioo cha kulia kana kwamba liko mita 40 na zaidi, na katika kioo cha kushoto kana kwamba liko mita 60. Dereva mzoefu huyajua haya bila kuyahesabu. Macho yake yamekwisha kuzoea. Ndiyo maana kuchanganya kioo bapa upande mmoja na chenye mbinuko upande mwingine, katika gari ambalo halikuundwa hivyo, ni kumvuruga hata aliye hodari. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni tofauti, kwa sababu sheria ya huko hutaka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, na kile cha abiria kikiwa na mbinuko huandikwa onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Chama chenye gari la namna hiyo, pengine lililotokana na msaada, kisishangae kukuta rula imelala sawasawa upande mmoja.

Nikiri kwamba kioo cha kujitazamia kilikuwa na heshima yake zamani. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, mwanamke mwendesha magari wa Uingereza, aliwashauri wanawake wenzake wachukue kioo kidogo cha mkono garini ili wakiinue mara kwa mara na kuona yaliyo nyuma yao. Lakini barabara za 1909 hazikuwa na malori ya tani 30 wala bodaboda.

Kununua kioo

Jambo la kwanza ambalo katibu anapaswa kulijua ni kwamba si lazima kununua saiti mira nzima. Katika magari mengi ya sasa saiti mira ina sehemu tatu zinazotengana. Lipo kasha la nje, ambalo hufungwa mlangoni kwa skrubu au nati. Ndani yake upo mtambo wa kugeuzia, ambao katika magari mengine ni mota ndogo na katika mengine ni kiungo cha mviringo kinachogeuzwa kwa mkono. Halafu kipo kioo, kilichogandishwa juu ya bamba jembamba la plastiki ambalo hubanwa juu ya mtambo huo kwa meno yake. Kilichovunjika kikiwa kioo peke yake, kinachonunuliwa ni kioo pamoja na bamba lake. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya saiti mira nzima, na kazi ya kukiweka haihitaji fundi wa gereji. Muuza vipuri akisema kwamba haiwezekani, aulizwe katika duka la pili na la tatu kabla Bodi haijaidhinisha.

Dereva au katibu aendapo dukani achukue kadi ya gari au nakala yake, kwa maana jina la gari peke yake halitoshi. Gari la jina moja huweza kuwa na vioo vya maumbo matatu kwa miaka mitatu tofauti, na namba ya chasisi ndiyo inayokata shauri. Achukue pia bamba la zamani kama halikupotea, na kama limepotea, akate kiolezo cha karatasi kwa kukipima kioo cha upande wa pili na kukigeuza. Upande utajwe kwa kulia na kushoto kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele. Nimewahi kuona chama kimenunua kioo cha kulia mara mbili kwa sababu aliyetumwa alisimama mbele ya gari alipokuwa akiandika.

Dukani, kabla ya kulipa, kioo kipimwe kwa rula kama nilivyoeleza. Rula ya shule yatosha. Baadhi ya vioo vya magari ya Japani huwa na maandishi madogo pembeni, herufi SR zikifuatwa na tarakimu kama 1200 au 1400, ambazo ni nusu kipenyo kwa milimita. Vioo vilivyokubaliwa chini ya kanuni niliyoitaja huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali. Vingine huwa na mstari mwembamba wa kusimama karibu na ukingo wa nje, na sehemu iliyo nje ya mstari huo ina mbinuko mkali zaidi. Huo si ufa, wala si sababu ya kurudisha kioo.

Malori huhitaji uangalifu zaidi. Mara nyingi huwa na kioo kikubwa na kingine kidogo chini au juu yake, na kile kidogo huweza kuwa na nusu kipenyo cha milimita 300 tu, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha eneo pana la karibu. Kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Katika malori ya zamani na magari ya aina ya Land Rover ya miaka iliyopita, kichwa kizima cha kioo ni kitu kimoja cha chuma au plastiki kinachofungwa kwenye mkono kwa nati, na hapo ni heri kununua kichwa kizima.

Neno moja kuhusu vioo vya mitumba. Vipo vizuri, na hapana ubaya chama kukinunua kilichotoka katika gari kuukuu. Lakini wizi wa vioo vya magari mijini unajulikana kwa kila mtu, na wenye magari wengi huchonga namba ya usajili juu ya kioo kwa sababu hiyo. Kioo chenye namba ya gari jingine, au chenye alama za kukwanguliwa mahali palipokuwa na namba, chama kisikiguse hata kikitolewa bure. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na atakayeitwa kituoni ni katibu. Kinyume chake, kioo kipya cha chama na kichongwe namba siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe

Vaa glovu nene na ukinge macho. Vipande vya kioo vilivyobaki vibandikwe utepe mpana juu yake kabla ya kuguswa, ili vitoke pamoja. Tandaza gunia chini ya mlango, kwa sababu uwanja wa ghala hukanyagwa na watu wenye ndala, na wengine peku.

Bamba la plastiki hukauka kwa jua la miaka mingi, na likiwa la baridi huvunjika meno. Liache gari juani kwa nusu saa. Asubuhi za milimani, kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kuwekwa juu ya kioo kwa dakika chache hufaa vilevile. Kisha sukuma ukingo wa ndani, ulio karibu na mlango, uingie ndani ya kasha mpaka ukingo wa nje utokeze. Chukua bisibisi bapa, uizungushie kitambaa ili isikwaruze kasha, uipenyeze nyuma ya bamba, si nyuma ya kioo, na ubanjue taratibu mahali pawili au patatu mpaka meno yaachie. Yataachia kwa mlio mkali unaotisha kidogo mara ya kwanza. Magari mengine hayana meno bali pete ya waya inayobana, na ncha zake huonekana ukichungulia kwa chini. Hiyo hulegezwa kwa bisibisi, hailazimishwi.

Bamba likitoka lisivutwe kwa nguvu. Huenda nyuma yake zipo nyaya mbili nyembamba za kupashia kioo joto, ambazo huondoa umande na ukungu. Zichomolewe kwa kushika kichwa cha chuma, si waya. Kama kioo kipya hakina mahali pa nyaya hizo, kila ncha ifungwe utepe wa umeme peke yake, zisigusane.

Kuweka kipya ni kinyume chake. Chomeka nyaya, linganisha meno na matundu, weka kitambaa, kisha sukuma kwa kiganja katikati ya kioo, palipo na mtambo nyuma yake. Usisukume ukingoni, kwa maana hapo hapana kitu cha kuegemea na kioo kipya kitapasuka mkononi mwako. Meno yakilia yote, jaribu kukigeuza pande nne. Kikicheza au kikitoa mlio wa kugongana, kuna jino halikuingia.

Ikiwa bamba ni zima na kilichopatikana ni kioo kitupu chenye mbinuko sahihi, kioo kinaweza kugandishwa. Vipande na gundi ya zamani vibanduliwe vyote, bamba lisafishwe kwa spiriti, na gundi ya silikoni itiwe kwa matone yaliyoachana ili hewa ipite. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii. Silikoni ya bei nafuu yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula rangi ya nyuma ya kioo, hata baada ya miezi michache yakatokea madoa meusi. Itafutwe ile isiyo na harufu hiyo. Kioo kikae kwa saa 24 kikiwa kimefungwa utepe, na gari lisitembee katika muda huo. Kubandika kioo kipya juu ya kile kilichopasuka, kama wafanyavyo wengine, kwaweza kuvumiliwa kwa safari moja ya kurudi nyumbani. Uzito wake huchosha mtambo, na mtikisiko wa barabara zetu hukiangusha chote.

Baada ya hapo dereva wa gari hilo, wala si fundi, aketi kama anavyoketi siku zote na kukirekebisha. Ubavu wa gari uonekane kwa ukanda mwembamba tu upande wa ndani, na upeo wa barabara uwe karibu na katikati ya kioo. Kisha mtu asimame pembeni nyuma ya gari na kutembea huku na huku, dereva akitaja kila anapomwona na kila anapompoteza. Jaribio hili huchukua dakika tano. Laiti lingefanywa katika chama kile, kioo kile kisingevuka lango la uwanja.

Hati ya malipo

Makatibu wengi huandika kwa kifupi kwa sababu nafasi katika hati ni ndogo. Lakini maneno "saiti mira 1" hayamwambii mkaguzi kama kilichonunuliwa ni kioo, kasha au vyote. Iandikwe, kwa mfano: "Kioo cha saiti mira cha kushoto, chenye mbinuko, pamoja na bamba, kasha la zamani linaendelea kutumika." Namba ya gari itajwe, na ufundi, kama umelipiwa, uwe mstari wa peke yake. Risiti ya EFD iambatishwe. Katika daftari la gari iandikwe tarehe ya kuvunjika, mahali, na aliyekuwa akiendesha, kisha tarehe ya kubadilishwa. Nafasi kati ya tarehe hizo mbili ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa sababu hunieleza siku ambazo gari lilibeba mali ya wanachama bila kuona upande mmoja. Chama kinachoacha gari litembee hivyo kwa kungoja kikao cha robo mwaka hakijafanya uangalifu wa fedha. Bodi na impe katibu idhini ya kudumu, yenye kikomo cha kiasi, kwa matengenezo madogo ya usalama kama haya, na ataarifu katika kikao kinachofuata.

Kilichovunjika kirudishwe stoo na kuandikwa katika daftari la stoo. Hili huonekana kama mzaha, kutunza vigae vya kioo, lakini ndilo linalozuia kioo kimoja kulipiwa mara mbili. Vikishakaguliwa, vifukiwe.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Niliiandikia Bodi kwamba uamuzi wake haukuwa na msingi, kwa kuwa chama ndicho kilichompa kioo kisichoonyesha, na kwa kuwa hati ya malipo yenyewe haikusema kweli. Wajumbe wawili walipinga wakisema kwamba dereva mzoefu alipaswa kushuka na kutazama, au kuomba mtu wa kumwelekeza. Niliwakubalia kwa sehemu. Dereva alikiri kwamba tangu siku ya kwanza aliona kioo kile "kina picha kubwa mno," akanyamaza kwa sababu hakutaka kuonekana mtu wa kudai. Bodi ilifuta makato, ikampa onyo la maandishi kwa kutotoa taarifa, na kumtaka aliyenunua kioo arudishe tofauti ya bei. Kioo sahihi kilipatikana katika duka la tatu.

Mwaka uliofuata nilipokwenda tena, nilikuta katika jalada la gari bahasha iliyobanwa nyuma ya hati ya malipo, ndani yake vigae vya kile kioo cha kujitazamia, na nje imeandikwa namba ya gari, tarehe, na sahihi za katibu na dereva. Niliomba rula. Katibu alikuwa nayo mkononi.